Chupa ya Maji ya Kijani Kutoka Dunga: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Kuainisha Viumbe

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea katika maabara ya shule moja ya upili ya kutwa viungani mwa jiji la Kisumu, ambako ninafundisha biolojia. Wanafunzi wa kidato cha tatu walikuwa wamefika kwenye mada ya uainishaji wa viumbe hai, ile ambayo huguswa juu juu katika kidato cha kwanza kisha hurudi kwa uzito wake wote, na safari hii walitakiwa kuzifahamu himaya zote tano: Monera (himaya ya bakteria), Protoktista, Kuvu, Mimea na Wanyama. Badala ya kuanza na michoro ya kitabuni, niliwaomba wale wanaoishi karibu na Ziwa Victoria walete maji. Mvulana mmoja, ambaye mamake hukaanga samaki ufuoni Dunga, alikuja na chupa ya plastiki ya lita moja iliyojaa maji ya kijani kizito mfano wa rangi ya ukuta iliyozimuliwa, yenye utando juu na harufu ya nyasi zilizoanza kuoza.

Niliwavalisha glavu, nikawapa hadubini mbili, slaidi, na ufunguo wa utambuzi nilioutunga mwenyewe, yaani ile orodha ya maswali ya ndiyo au la inayomwongoza mtu hatua kwa hatua hadi kwenye jina la kundi. Swali langu lilikuwa moja: kilichoyapa maji haya rangi ya kijani ni kiumbe gani, na ni wa himaya ipi? Kulikuwa na makundi sita ya wanafunzi. Manne yaliandika Mimea, moja likaandika Protoktista, na la sita likaandika neno "vijidudu" na kuiacha nafasi ya himaya wazi. Hakuna hata kundi moja lililoandika Monera, ambalo ndilo jibu.

Ni rahisi kusema kwamba wanafunzi hawakusoma. Nilipozipitia karatasi zao jioni hiyo, hata hivyo, niliona kwamba wengi walikuwa wameufuata ufunguo kwa uaminifu mkubwa, na kwamba uaminifu huo ndio uliowapoteza. Swali la kwanza nililoandika lilikuwa: "Je, kiumbe hiki kina rangi ya kijani?" Aliyejibu ndiyo alielekezwa kwenye maswali ya mizizi, shina, majani na maua, aliyejibu la akaelekezwa kwenye maswali ya seli. Ufunguo wa namna hii haumpi mtu nafasi ya kurudi nyuma. Ukikosea kwenye njia panda ya kwanza, usahihi wa hatua zinazofuata haukusaidii, sawa na abiria aliyepanda matatu ya Busia akidhani ni ya Kericho: hata akivihesabu vituo vyote kwa makini, hatafika Kericho. Kosa lilikuwa langu.

Lakini lilikuwa na mizizi mirefu kuliko karatasi yangu. Kiswahili chenyewe kinamsukuma mtu upande wa mimea. Vitu vya kijani vinavyoota majini tunaviita mwani, na kwa mkaazi wa pwani mwani ni kitu cha kushika mkononi, kinachofungwa kwenye kamba, kuvunwa na kuanikwa. Aliyesoma mahali kwamba kuna "mwani wa bluu-kijani" ataona picha ya mmea mdogo kabla hajaona kitu kingine. Neno la upande wa pili, vijidudu, lina udhaifu kinyume chake. Hilo humeza kila kitu kisichoonekana kwa macho na kinachoshukiwa kuleta ugonjwa. Kipindupindu ni cha vijidudu, malaria ni ya vijidudu, mba ni wa vijidudu, surua ni ya vijidudu. Ilhali cha kwanza huletwa na bakteria, ya pili na protoktista aitwaye Plasmodium, wa tatu na kuvu, na ya nne na virusi, ambavyo havimo katika himaya yoyote kati ya zile tano kwa kuwa si seli hata kidogo. Kundi lililoandika "vijidudu" halikukosea kwa mujibu wa lugha ya nyumbani. Lilikataa tu kugawa kitu ambacho lugha hiyo haijakigawa.

Kesho yake tulianza upya bila ufunguo. Kwa hadubini ya kawaida ya shule, lenzi ya jicho ikikuza mara 10 na lenzi ya chini mara 40, unapata ukuzaji wa mara 400, na huo unatosha kuona mengi ikiwa mtu atajua anachokitafuta. Katika tone moja la maji yale kulikuwa na wakazi wa aina kadhaa. Waliokuwa wengi kupita kiasi walikuwa mabonge yasiyo na umbo maalumu, kila bonge likiwa na mamia ya nukta ndogo za duara zilizoshikwa pamoja na ute: huyo ni Microcystis. Pembeni palikuwa na minyororo ya seli iliyojipinda, na katika baadhi ya minyororo hiyo, kila baada ya seli kadhaa, palitokea seli moja iliyovimba na kupauka kuliko wenzake. Huyo ni Dolichospermum, ambaye vitabu vya zamani humwita Anabaena, na seli ile iliyopauka ndiyo karakana yake ya kunasa naitrojeni ya hewani. Hapa na pale alipita kiumbe mwenye mkia mmoja mrefu akijisukuma, kijani naye, aitwaye Euglena. Na palikuwepo seli chache za mwani wa kijani halisi zilizopangika nne nne kama vijiti kwenye kiberiti.

Wote hao ni wa kijani. Niliwauliza wanafunzi wautazame ukijani wenyewe: umekaa wapi ndani ya seli? Katika mwani wa kijani na katika Euglena, rangi imefungiwa kwenye vyumba vyake, yaani kloroplasti, na sehemu nyingine za seli ni angavu. Katika Microcystis rangi imetapakaa seli nzima, haina chumba. Tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa mlango wa kuingilia, kwa sababu seli isiyo na vyumba vya ndani ndiyo seli isiyo na kiini kilichozungushiwa utando, na hiyo ndiyo sifa inayoitenga himaya ya Monera na nyingine zote nne.

Hapo tukapata kipingamizi kizuri. Msichana mmoja alisema kwamba yeye anaona viini waziwazi: kila seli ya Microcystis ilikuwa na madoa meusi ndani. Alikuwa anaona kweli. Seli zile zina upana wa takriban mikromita 4 hadi 6, ndogo mno ukizilinganisha na zile za ngozi ya kitunguu ambazo wanafunzi huanza nazo, na madoa yale meusi hujitokeza vizuri lenzi ikiwekwa sawa. Isipokuwa si viini. Ni vifuko vya gesi, vinavyomwezesha kiumbe kuelea hadi juu penye mwanga, na ndivyo vinavyosababisha utando wa kijani kukusanyika juu na kusukumwa ufuoni na upepo wa ziwani wa alasiri.

Kauli ya mwalimu haitoshi kumwondolea mtu kitu anachokiona kwa macho yake. Mwaka 1895 Mjerumani Heinrich Klebahn alitumia jaribio ambalo hata shule isiyo na kitu inaweza kulifanya. Nilijaza maji yale hadi pomoni katika chupa nene ya soda, pasibaki hewa, nikaiziba kwa kizibo, nikaifunga kwa kitambaa kizito iwapo itapasuka, kisha nikakigonga kizibo kwa nyundo mara moja kwa nguvu. Msukumo wa ghafla huvivunja vifuko vya gesi. Chupa nyingine ya maji yaleyale ambayo haikugongwa iliwekwa kando yake. Kabla kengele ya kipindi haijalia, utando wa chupa iliyogongwa ulikuwa umeanza kuzama, na tone lililochukuliwa humo likaonyesha seli zilezile zikiwa hazina madoa. Kiini hakipotei kwa kugongwa nyundo. Msichana yule aliandika sentensi hiyo katika daftari lake kwa maneno yake mwenyewe, nami sikuongeza kitu.

Jaribio la pili lilikuwa la iodini, ambayo kila maabara ya shule huwa nayo. Mimea na mwani wa kijani huweka akiba ya chakula kwa njia ya wanga, na wanga ukikutana na iodini hugeuka bluu-nyeusi. Tulipodondosha iodini pembeni mwa slaidi, zile seli za nne nne zilipata madoa ya bluu-nyeusi, ilhali mabonge ya Microcystis yaliishia kuwa na rangi ya kahawia tu, kwa kuwa akiba yake ni ya namna nyingine, iliyo karibu na glaikojeni. Euglena naye hakugeuka bluu-nyeusi, jambo lililowachanganya tena, maana yeye ana kiini na kloroplasti. Yeye ana akiba yake ya aina ya pekee. Huyo tulimwacha Protoktista, himaya ambayo, nikisema kweli, imekuwa kama chumba cha wageni ambamo huwekwa kila mwenye kiini asiyekubalika kwingine.

Kilichowafungua macho wengi hakikuwa hadubini bali sarufi. Katika somo la Kiswahili wanafunzi hawahawa hawasumbuliwi na neno kiboko. Umbo lake ni la KI-VI kama kikombe na kiti, lakini hakuna anayesema "kiboko kikubwa kimetoka majini". Watu husema kiboko mkubwa ametoka majini. Kifaru na kipepeo vivyo hivyo. Kiambishi cha mwanzoni ni vazi, na upatanisho wa kisarufi ndio unaotaja ukoo. Mwanafunzi mmoja wa nyuma, ambaye biolojia si somo analolipenda, aliuliza: "Mwalimu, kwa hivyo hawa wa kijani ni kama kiboko?" Ndivyo hasa. Sayanobakteria, yaani ukoo wa Microcystis na Dolichospermum, ule uitwao mwani wa bluu-kijani, wamevaa kijani cha mimea, lakini ukiwatungia sentensi nzima, yaani ukitazama kiini, vyumba vya ndani, akiba ya chakula na jinsi seli zinavyogawanyika, upatanisho wote ni wa bakteria. (Neno ngeli lenyewe, tukumbuke, ndilo linalotumiwa na baadhi ya vitabu vya sayansi kwa daraja lililo chini ya faila, kwa hiyo mwanafunzi yule alikuwa amelirudisha nyumbani.)

Wanafunzi hawakuwa wa kwanza kupotezwa na vazi hilo. Mwezi Septemba 1674 Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, aliandika kuhusu maji ya ziwa lililokuwa karibu na kwao ambayo wakati wa kiangazi yalijaa mawingu ya kijani. Aliyachukua, akayatazama kwa lenzi zake, akaona viumbe ambao hawakuwa wameripotiwa na mtu. Linnaeus, aliyeanza kuchapisha mpango wake wa kuainisha mwaka 1735, alikuwa na himaya mbili tu za viumbe hai, mimea na wanyama, na viumbe vidogo vilimshinda hata akavirundika katika jenasi aliyoiita Chaos. Ernst Haeckel alipendekeza himaya ya tatu mwaka 1866. Himaya tano tunazozifundisha zilitoka kwa Robert Whittaker mwaka 1969, na miaka minane baadaye, mwaka 1977, Carl Woese na George Fox walilinganisha molekuli za RNA za ribosomu wakaonyesha kwamba ndani ya Monera mna koo mbili zilizotengana sana, bakteria na akea. Sayanobakteria walibaki kwenye vitabu vya mimea kwa muda mrefu, na hata sasa majina yao yanaweza kutolewa kwa kufuata kanuni za majina ya mimea.

Kuna jambo moja zaidi ambalo sikulipanga kulifundisha siku hiyo, lakini lilijileta. Mmoja wa waliokuwa wameandika Mimea aliendelea kushikilia kwamba kitu kinachofanya usanisinuru kwa klorofili na kutoa oksijeni hakiwezi kuwa bakteria, kwa kuwa hiyo ni kazi ya mimea. Hoja yake iko kichwa chini miguu juu. Kloroplasti ya mwembe ulio nje ya dirisha la maabara ni mzao wa sayanobakteria aliyemezwa na seli nyingine zamani za kale bila kusagwa, akabaki humo akifanya kazi yake. Ni nadharia iliyotetewa kwa nguvu na Lynn Margulis kuanzia mwaka 1967 na ambayo ushahidi wa jeni umeithibitisha. Bakteria hawakuiga mimea. Mimea ndiyo iliyoazima kijani.

Yote haya yangeweza kuonekana ni mchezo wa majina, kama si ujumbe aliokuja nao yule mvulana wa Dunga. Mamake alikuwa amemwambia: "Mwambie mwalimu asijisumbue, sisi tunayachemsha, na maji yakichemka vijidudu vinakufa." Kauli hiyo ina ukweli mkubwa. Kisumu imeshapata milipuko ya kipindupindu, na bakteria wake, Vibrio cholerae, hufa maji yanapotokota vizuri. Darasa likagawanyika: ikiwa kipindupindu ni Monera na Microcystis ni Monera, dawa ya mmoja si dawa ya mwingine?

Hapa ndipo uainishaji wa himaya unapofika mwisho wa uwezo wake, na nadhani ni vyema mwanafunzi auone mwisho huo mapema. Himaya inakwambia kiumbe kimejengwaje, haikwambii kinakudhuru kwa njia gani. Vibrio hudhuru akiwa hai, akiingia tumboni na kuongezeka. Ukimuua umemaliza shughuli. Microcystis haongezeki tumboni mwa mtu. Madhara yake yamo katika sumu ambazo baadhi ya aina zake hutengeneza na kuziweka ndani ya seli, hasa mikrosistini, inayoshambulia ini. Seli ikifa, sumu haifi nayo, hutoka. Kuchemsha hupasua seli na kuimwaga sumu majini, na sumu yenyewe huhimili joto la maji yanayotokota. Klorini nayo ikitiwa kwenye maji yenye utando huweza kuzipasua seli hizo. Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba maji ya kunywa ya kila siku yasizidi mikrogramu 1 ya mikrosistini-LR, mojawapo ya aina za sumu hiyo, kwa lita. Mwaka 1996, katika mji wa Caruaru nchini Brazili, wagonjwa zaidi ya 50 wa figo walifariki baada ya damu yao kusafishwa kwa maji yaliyokuwa na sumu hizi.

Sikuwaambia wanafunzi kwamba maji ya Dunga yana sumu, na ninasisitiza jambo hili kwa sababu ni rahisi kuliruka. Katika spishi ileile ya Microcystis wapo wenye jeni za kutengeneza sumu na wasio nazo, na hakuna hadubini ya shule itakayowatenganisha. Hilo ni suala la kipimo cha kemikali. Tulichoweza kukisema ni kwamba maji yale yalikuwa na kiumbe anayeweza kuwa na sumu, kwa wingi mkubwa. Ghuba ya Winam, ile sehemu ya ziwa iliyo mbele ya Kisumu na Dunga, ni ya kina kifupi, maji yake hayachanganyiki haraka na ya ziwa kuu, na mito kama Nyando huingiza udongo na mbolea za mashambani, huku jiji likiongeza majitaka yake. Naitrojeni na fosforasi hizo ndizo lishe ya utando ule. Kwa mama wa Dunga ushauri ukawa mfupi: asiteke penye utando, na ikimlazimu kutumia maji ya ziwa, ateke mbali na ufuo uliogeuka kijani, atangulize shabu, aache seli zizame zikiwa nzima, ayamimine maji ya juu polepole, ndipo achemshe kwa ajili ya kipindupindu. Shabu haiondoi sumu ambayo imekwisha kutoka ndani ya seli, na hilo nalo nililiandika.

Ile chupa ya kwanza ilisahauliwa dirishani mwisho wa juma. Jumatatu tulikuta utando umepauka na maji chini yake yamekuwa ya bluu angavu, bluu ya wino. Klorofili haiyeyuki katika maji, kwa hiyo mmea ukioza ndani ya chupa hautoi rangi hiyo. Bluu ile ni fikosayanini, protini yenye rangi ambayo sayanobakteria hutumia kunasa mwanga, na ambayo huyeyuka majini mara seli zinapopasuka. Makundi manne yaliyoandika Mimea yaliomba karatasi zao bila kuambiwa. Wanafunzi walikuwa wanaona kwa macho kitu nilichokuwa nimewaeleza kwa maneno, kwamba seli ikifa yaliyomo humwagika.

Mvulana alitaka kuipeleka chupa nyumbani. Nilimkatalia, nikamchapishia picha. Swali la mamake lilikuja kesho yake, nalo lilikuwa kali kuliko yote niliyoulizwa muhula ule: kama kuchemsha kunapasua seli, mbona sufuria yake haijawahi kugeuka bluu? Tulichukua maji kidogo ya bluu katika neli ya majaribio, tukaitumbukiza kwenye bika la maji yaliyokuwa yakitokota. Rangi ilififia mbele ya macho yetu mpaka ikaisha. Fikosayanini ni protini kubwa iliyokunjwa, na joto huikunjua; mikrosistini ni pete ndogo ya asidi amino saba, na joto hilo haliifungui. Sufuria yake huyafanya maji yaonekane safi kwa kuondoa kitu kimoja tu kati ya hivyo viwili, kile chenye rangi.